Bei ya Kushusha Injini: Matrekta Makuukuu katika Nchi ya Unyamwezi

Trekta huzeeka kwa saa, si kwa miaka. Mita iliyo mbele ya usukani huhesabu muda ambao injini imezunguka, na fundi mzuri huitazama hiyo kabla ya kutazama rangi au matairi, kama haijafa, maana aghalabu ndiyo hufa kwanza. Oili na chujio lake hubadilishwa kila baada ya saa 250 hivi. Saa zikifika elfu kadhaa, ringi za pistoni hulegea, slivu hulika, beringi za krenki hupata nafasi, na injini huanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili. Plau likizama ardhini trekta hukosa pumzi. Hapo hakuna dawa ila kushusha injini: kuifungua yote, kumpelekea fundi wa kukereza vyuma krenki aichonge, kuingiza slivu, pistoni na beringi mpya, kupima nozeli na pampu ya dizeli, kisha kuifunga upya. Klachi, giaboksi na haidroliki mara nyingi hudai zamu yao wakati huohuo.

Wahandisi wa kilimo wa Marekani wana kanuni ya kukadiria gharama hizo. Kwa trekta la kawaida linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, jumla ya matengenezo hupanda kwa mraba wa saa: saa zikizidi mara mbili, gharama huzidi mara nne. Katika saa 1,000 za mwanzo matengenezo hayafiki hata asilimia 1 ya bei ya trekta jipya. Kufikia saa 5,000 jumla yake ni asilimia 17.5, na kufikia saa 10,000 ni asilimia 70. Maana yake ni kwamba mtu anayenunua trekta lenye saa 6,000 na kulitumia mpaka lifike 10,000 atalipa matengenezo ya karibu asilimia 45 ya bei ya trekta jipya, hata kama yeye mwenyewe alilipata kwa robo ya bei hiyo. Mwenye trekta wa kwanza ameondoka na saa rahisi. Wa pili amerithi saa ghali. Na kanuni hiyo imetungwa kwa mashamba ambayo duka la spea liko mji wa jirani.

Katika nchi ya Tabora deni la namna hii lilikuja kwa mara ya kwanza kwa wingi mwaka 1947, pamoja na mradi wa Waingereza wa kulima karanga kwa mashine, na aliyelilipa alikuwa mlipa kodi wa Uingereza.

Kabla ya hapo zana ya mkulima wa Unyamwezi, nchi inayoizunguka Tabora, ilikuwa jembe la mkono. Majembe mengi yalifuliwa na Warongo, wahunzi wa upande wa kusini magharibi mwa Ziwa Viktoria, na makadirio ya miaka ya 1880 yanasema kwamba majembe yapatayo 150,000 yalifikishwa kila mwaka katika soko la Tabora. Jembe lilikuwa chombo cha kulimia, lilikuwa fedha, na lilikuwa mahari. Uharibifu wake ulikuwa ndani ya uwezo wa kijiji: mhunzi aliyelifua, au mwenzake wa jirani, aliweza kulirudisha motoni.

Kilichotoka mbali kilibebwa na mpagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na safari ilikuwa ndefu: wapelelezi Waingereza Burton na Speke, waliotoka Kaole mwezi Juni 1857, walifika Kazeh, iliyo sasa Tabora, baada ya siku 134. Reli ya Kati, iliyofuata kwa sehemu kubwa njia hiyohiyo ya misafara, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katapila kubwa la miaka ya 1940 lilikuwa na uzito wa tani 15 hivi, sawa na mizigo ya wapagazi 470. Reli iliweza kulibeba. Swali lililokuja baadaye ni kama reli hiyohiyo ingeweza kuleta spea zake kwa wakati.

Mradi wa karanga ulizaliwa na njaa ya mafuta. Vita vya Pili vilipokwisha Uingereza ilikuwa bado inagawa mafuta ya kula kwa vipimo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliipelekea serikali yake wazo la kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka nchi kwa wiki tisa na kurudi na mpango: mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini na 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi, na waziri wa chakula, John Strachey, aliubeba mradi huo kisiasa. Maeneo matatu yaliteuliwa Tanganyika: Kongwa katika Ugogo, Nachingwea kusini, na Urambo, kilomita 90 hivi magharibi ya Tabora, katika nchi inayobeba jina la Mtemi Mirambo.

Hesabu yote ilisimama juu ya mashine ambazo hazikuwepo. Viwanda vya matrekta vilikuwa na oda za miaka, kwa kuwa Ulaya nzima ilikuwa inajijenga upya na wakulima wa Marekani nao walikuwa na kiu ya mashine baada ya vita. Wanunuzi wa mradi wakageukia mabaki ya jeshi, hasa maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Bei ilikuwa nafuu. Lakini mashine hizo zilikuwa zimejenga viwanja vya ndege na barabara za vita, nyingine zikakaa nje katika mvua na chumvi ya bahari. Ziliponunuliwa hakuna aliyejua zimebakiwa na saa ngapi, na hakuna aliyeweka kando fedha ya kuzifungua moja moja kabla ya kuzitia kazini. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo, na ndilo kubwa kuliko yote: bei ya ununuzi ilichukuliwa kuwa ndiyo gharama.

Kazi ilianza Kongwa mapema mwaka 1947. Kufikia mwisho wa kiangazi cha Ulaya mwaka huohuo, theluthi mbili ya matrekta yaliyoingizwa nchini yalikuwa hayafai kwa kazi. Sababu zilikuwa kadhaa, na zilisaidiana. Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi iliyopinda visu vya buldoza. Udongo wake ukikauka huwa kama saruji, na chembe zake za mchanga mkali husaga chuma. Madereva wengi walikuwa wamefundishwa kwa haraka, na wachache walikuwa wamewahi kukalia mashine ya uzito ule. Mashine zilikuwa za aina na miaka mbalimbali, hivyo spea ya moja haikuingia katika nyingine. Na kwa mashine za minyororo kuna jambo ambalo mwenye trekta la matairi halijui: minyororo, roli na magurudumu yake ya meno hula karibu nusu ya gharama yote ya matengenezo, na hiyo ndiyo sehemu inayotembea ndani ya mchanga.

Karakana ya Kongwa ikageuka kuwa moyo wa mradi. Mafundi walifungua mashine tatu ili kupata moja nzima. Wafanyakazi waliajiriwa kung'oa miti wakajikuta wanasubiri mashine, na mishahara yao ilihesabiwa hata siku ambazo hakuna mti ulioanguka. Hilo ni tawi la gharama lisiloonekana katika risiti ya fundi: trekta lililolala hugharimu mshahara wa dereva, chakula cha kambi, riba ya mkopo, na zaidi ya yote, mvua. Katika Tanganyika ya kati na magharibi mvua huanza Novemba na kwisha Aprili. Trekta likiugua Desemba likapona Februari, limepona baada ya msimu kupita. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kusafisha ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi.

Jitihada ya kutatua uhaba wa mashine ilizaa kituko cha kihandisi. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ilichukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, ikavivua silaha na kuvigeuza kuwa matrekta ya minyororo yaliyopewa jina la Shervick. Wazo lilikuwa na haiba ya maandiko, upanga kufuliwa kuwa jembe, lakini kifaru hutengenezwa kwa ajili ya maisha mafupi na mwendo wa kasi. Trekta huvuta mzigo uleule polepole, kutwa, mwaka baada ya mwaka. Shervick haikuokoa msimu wowote.

Urambo kulikuwa na sura nyingine. Msitu wa miombo haukuwa kichaka cha miiba. Miti yake ilisimama mbalimbali na iliweza kuangushwa. Mbinu iliyozoeleka ilikuwa kufunga mnyororo mzito kati ya makatapila mawili yanayotembea sambamba, na kila mti uliokuwa katikati uliangushwa na mnyororo huo. Ni kazi ya kupendeza kuitazama. Kwa injini na klachi ni mateso, kwa sababu nguvu inayohitajika hubadilika ghafla kila mti unapokataa na kisha kukubali. Baada ya miti kulala, kazi ya visiki na mizizi chini ya ardhi ilibaki, nayo ndiyo iliyokula visu na meno ya plau. Kulikuwa na mbung'o, na kulikuwa na umbali: spea iliyoshushwa bandari ya Dar es Salaam ilikuwa na zaidi ya kilomita 900 za reli ya njia moja kabla ya kufika Urambo, ikigombania behewa na saruji, mafuta na chakula cha mradi wenyewe. Misafara ya zamani ilijua jambo hili. Bei ya bidhaa Tabora ilikuwa bei ya pwani pamoja na bei ya njia, na spea ya trekta haikupata msamaha.

Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mradi umekwisha, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa katika vitabu. Wakaguzi wa hesabu walikuwa wamekwisha kukataa kuzithibitisha hesabu za shirika lililouendesha, Overseas Food Corporation, kwa jinsi kumbukumbu za mali na vifaa zilivyokuwa zimevurugika. Ni rahisi kucheka, na Waingereza wenyewe walicheka sana. Lakini lawama nyingi ziliwekwa juu ya udongo na mvua ya Ugogo, wakati sehemu kubwa ya hasara hiyo ilikuwa bei ya kufufua mashine ambazo mtu mwenye busara angezifungua kwanza, akazihesabu, ndipo akapanga ekari.

Mwaka 1955 mabaki ya kazi yalikabidhiwa Tanganyika Agricultural Corporation. Urambo ikaendelea, lakini kwa zao jingine: tumbaku ya mvuke. Tumbaku hudai mikono mingi, kuni na bani la kukaushia, na trekta kwake ni msaidizi. Hadi leo Urambo na Kaliua zinajulikana kwa tumbaku. Kilichobaki cha kudumu zaidi katika mradi wa karanga, pengine, ni watu: vijana wengi wa Tanganyika waliingia kambini bila kuwahi kushika spana, wakatoka madereva na mafundi.

Uhuru ulirudisha imani katika trekta. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1961 ilishauri kilimo kigeuzwe kwa kuanzisha makazi mapya yenye mtaji na mashine, na kati ya 1963 na 1966 serikali ilijaribu njia hiyo kabla ya kuisimamisha kwa sababu ya gharama. Kaskazini, katika nchi ya pamba, muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria Federation of Co-operative Unions uliendesha mashamba ya pamoja yaliyolimwa kwa trekta katika Usukuma, nayo yakaishia kwenye hasara na madeni. Sababu ilikuwa ya kale: ada aliyotozwa mkulima kwa ekari ilitosha dizeli na dereva, haikutosha kushusha injini.

Miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 ilikuwa migumu kupita yote. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, vita vya Kagera vikala akiba ya fedha za kigeni, na spea zikawa kitu cha kuombewa kibali. Serikali ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha matrekta ya Valmet ya Finland huko Kibaha, lakini kuunganisha trekta si sawa na kulilisha spea kwa miaka ishirini. Vijijini trekta moja lilichunwa ili jingine liishi, na yadi nyingi za vyama vya ushirika zikawa makaburi ya chuma. Ruhusa ya kuingiza bidhaa kwa fedha binafsi, iliyotolewa mwaka 1984, ilirudisha spea madukani. Bei ikawa hadithi nyingine. Dola moja ilikuwa shilingi 17 hivi mwaka 1985, ikawa 40 katikati ya 1986, karibu 195 mwaka 1990, na karibu 575 mwaka 1995. Kufikia 2015 ilipita 2,000. Pistoni ni ileile, ya chuma kilekile, lakini mkulima anayeuza pamba kwa shilingi huinunua kwa bei ya dola.

Hali hiyo inaeleza kwa nini Massey Ferguson limebaki trekta la mtu wa kawaida katika sehemu kubwa ya Tanzania. Modeli ya 135, iliyotengenezwa Coventry kati ya 1964 na 1975, ilikuja na injini ya Perkins ya silinda tatu, na modeli kubwa zilizofuata zilitumia jamii hiyohiyo ya injini. Pakistan, kupitia kiwanda cha Millat, na India, kupitia TAFE, ziliendelea kuunda matrekta ya ukoo huo muda mrefu baada ya Uingereza kuacha. Hivyo seti ya slivu na pistoni haihitaji kuagizwa kutoka kiwanda kimoja cha mbali. Hupatikana kwa asili zaidi ya moja na bei zaidi ya moja. Ubora nao hutofautiana, na fundi anayejiheshimu hupima slivu kwa mikromita kabla ya kuamini kilichoandikwa kwenye boksi. Miradi ya baadaye, kama matrekta ya mkopo wa India yaliyosambazwa na SUMA JKT, shirika la uzalishaji la Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya tamko la Kilimo Kwanza la 2009, na yale ya Ursus ya Poland yaliyounganishwa Kibaha, iliongeza idadi ya matrekta nchini. Iliongeza pia aina, na kila aina mpya hudai kabati jipya la spea.

Kufufua injini kuna kikomo chake. Krenki ikilika huchongwa na kuvikwa beringi nene zaidi, na vipimo vya kawaida ni vitatu: sehemu kumi, ishirini na thelathini kati ya elfu za inchi, ambazo mafundi huziita tu kumi, ishirini, thelathini. Baada ya thelathini hakuna tena. Krenki hutupwa na mpya hununuliwa, na hiyo hubadilisha hesabu yote. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi wa trekta la zamani si mwaka wa kuundwa wala nguvu ya farasi. Ni krenki imefika ngapi. Muuzaji mwaminifu hujua jibu. Asiyejua, aghalabu ni kwa sababu hataki kulijua.

Choma cha Nkola, wilayani Igunga, iko katika ukingo ambapo nchi ya Wanyamwezi inakutana na ya Wasukuma, na hesabu hizi zote hukutana huko pia. Ni nchi ya pamba, mtama, mpunga na ng'ombe. Wakulima wa lugha ya Kisukuma huainisha udongo kwa majina: luseni ni mchanga mwepesi, mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa bondeni. Luseni hulimika kwa urahisi lakini husaga disiki za plau. Mbuga haisagi sana, ila ikikauka hupasuka na kuwa ngumu, ikilowa hunata, na katikati ya hali hizo mbili kuna wiki chache tu ambazo trekta linaweza kupita. Kila mtu hulitaka katika wiki hizo. Trekta hulima mchana na usiku, injini ikiwa chini ya mzigo mzito, chujio la hewa likijaa vumbi, na mwenye trekta hachelei kuruka siku ya kubadilisha oili kwa kuwa foleni ya wateja ni ndefu. Saa 500 za msimu wa namna hiyo huzeesha injini kuliko saa 500 za shamba lenye ratiba.

Ada ya kulima hupangwa kwa ekari, na hupangwa kwa kumtazama jirani anatoza ngapi. Dizeli huhesabiwa, posho ya dereva huhesabiwa. Injini itakayoshushwa baada ya misimu kadhaa haihesabiwi, kwa sababu haipo mbele ya macho. Siku yake ikifika mwenye trekta hutafuta fedha mahali ambapo nchi hii imeweka akiba yake tangu zamani, yaani zizini. Ng'ombe huuzwa mnadani, spea hununuliwa mjini, na trekta hurudi shambani likiwa limekula sehemu ya urithi. Kama ada ya ekari ingekuwa na fungu dogo la injini ndani yake kuanzia siku ya kwanza, ng'ombe hao wangebaki. Wenye matrekta wachache wanaofanya hivyo ndio ambao mashine zao bado zinasikika kila Novemba.

Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa pamba wa Igunga na Nzega kilijiita Igembe Nsabo: jembe ni mali. Jina hilo halikutaja trekta, na wakulima wengi wa eneo hilo bado hulima kwa plau la kukokotwa na maksai, lililoenea Usukuma tangu kabla ya Uhuru. Plau hilo hudai ncha mpya na nati chache. Maksai naye akizeeka hashushwi injini. Huuzwa kwa nyama, na kwa kawaida bei yake huzidi ile aliyonunuliwa nayo alipokuwa ndama.